Mkanda Mweusi wa Barabara ya Nane

Wino sina, nina unga,
utenzi ninautunga:
vita visivyo na panga
vilizuka Ngamiani.

Jina langu Semhando,
mikate yangu uhondo,
sina ngumi, sina nyundo,
nina tanuri nyumbani.

Nguo nyeupe, nyepesi,
ukumbuu ni mweusi:
mke kakata upesi
buibui la zamani.

Saa mbili asubuhi
nauza, ninafurahi,
mtu akaniwajihi,
kashuka toka garini.

Kainama kwa heshima:
"Mwalimu, picha yakwama,
kamera zimesimama,
twakungoja uwanjani."

Nikadhani ni mikate,
wataka mia nilete,
nikapanda nisisite,
sinia iko pajani.

Dereva hana maneno,
aniangalia meno,
auogopa mkono,
tukapita Chumbageni.

Ghala bovu la mkonge,
wakali kuliko nge,
hakuna hata mnyonge,
ndani vijana sitini.

Yule bwana wa kamera
kanitolea ishara:
"Mwalimu toka Mtwara
awatie adabuni!"

Nikasema, "Bwana, siye,"
wakacheka, "Ndiye, ndiye!
Bingwa hajisifu yeye,
makali yake alani."

Wa kwanza kaja na teke,
nainama nifunike
mikate isimwagike;
katokea dirishani.

Wa pili kaja na rungu,
nikapiga chafya yangu,
unga ukawa ni wingu,
kampiga wa pembeni.

Wa tatu kaja kukaba,
namkanda mara saba
hadi akaomba toba,
kawa donge siniani.

Sikujua ni mchezo,
wanaanguka kwa tuzo;
miye naona tatizo,
nimevamiwa ghalani!

Naye yule wa Mtwara
kapotea barabara;
mkanda, mavazi, sura,
vyote vyangu, utadhani.

Mke wangu, Mwanakheri,
macho yake si mazuri,
kafoka: "Hilo tanuri
lapoa! Ingia ndani!"

Avunjaye mbao kumi
alishindwa na ulimi,
akaukanda kwa ngumi
unga wote wa pipani.

Mkate ukawa chuma,
fundi Kilua kauma,
jino likarudi nyuma:
"Leo ameoka nani?"

"Kata!" akasema bwana,
"sijaona, sijaona
mtindo wa kupigana
na sinia mkononi!"

Neno "kata" kusikia,
kisu nikajitwalia,
wote nikawakatia
nusu nusu, mikononi.

Maiti nazo zikaja,
zikala moja kwa moja,
na chai zikaingoja
kama vile hitimani.

Mara mlango kugonga:
bingwa, mwili wote unga,
mke nyuma, kajifunga,
ana mwiko wa jikoni.

Tukatazamana sisi
kama kioo halisi,
mikanda yetu myeusi
na unga hadi nyusini.

Mke kaona wawili,
hakuuliza ukweli,
mwiko kaugawa mbili,
kila mtu mgongoni.

Kamera ilizunguka,
ghala zima likacheka,
mabingwa wote twaruka,
twaingia guniani.

Nikaidai hesabu
ya mikate, si ya tabu;
mkubwa hana jawabu,
kanijazia mfukoni.

Picha ilipoonyeshwa,
ukutani ikawashwa,
watu mbavu zikachoshwa
Ya Nane, barabarani.

Mwisho majina kupanda:
yeye "Fundi wa Kukanda",
mimi "Bingwa wa Mkanda".
Wamekosea, jamani!

Sasa huja Ijumaa
unga wangu kuandaa,
hunionyesha kukaa
mguu mmoja chini.

Mke akiita jina,
twaitika sote, tena
kwa hofu tukisongana:
"Labeka! Tuko jikoni."